Kifaa kinachong'aa si lazima kiwe safi

Kazi ya kutengeneza kucha imekuwa riziki ya vijana wengi katika miji yetu. Wamo katika saluni za kifahari, wamo katika vibanda vya sokoni, na wengine huzunguka mitaani na vikapu vya rangi, tupa na mikasi, wakiwahudumia wateja vibarazani. Ni kazi halali inayostahili heshima, na makala haya hayakusudii kumwaga unga wa mtu yeyote. Hata hivyo, ipo haja ya kutamka wazi jambo ambalo mafundi na wateja wamezoea kulinyamazia. Kifaa kinachotoka katika kidole cha mteja mmoja na kuingia katika kidole cha mwingine bila ya kusafishwa ipasavyo ni hatari, hata kikiwa kinameremeta kama kioo.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mteja huvutiwa na kuta zilizopakwa rangi, viti laini na chupa zilizopangwa kwa ustadi. Ni nadra auulize mkasi huo ulitumika kwa nani kabla yake, na ulioshwa kwa nini. Naye fundi, akiwa na foleni ya watu wanaomharakisha, huufuta kwa kitambaa kile kile alichokitumia tangu asubuhi, akaendelea na kazi. Kufuta namna hiyo huondoa vumbi, lakini hakuui viini.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, hatuna budi kuutazama mwili wenyewe. Ngozi nyembamba inayouzunguka ukucha ni kizuizi cha maumbile. Huzuia maji na vijidudu visipenye chini. Fundi anapoikata au kuisukuma kwa nguvu, kizuizi hicho huvunjika. Kuvu wanaoharibu kucha, na bakteria wanaosababisha usaha kidoleni, hupata njia. Isitoshe, pakitokea mkwaruzo, tone la damu lisiloonekana kwa macho laweza kubaki katika makali ya mkasi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vina uwezo wa kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, na maradhi hayo huweza kuliharibu ini polepole bila ya mgonjwa kuhisi lolote kwa miaka mingi. Kenya iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto wachanga mwaka wa 2001. Kwa hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo, wakiwemo walimu wengi wasomao ukurasa huu, hawakuipata utotoni. Naye fundi asijione yu salama, kwani yeye hushika makali hayo kutwa.

Mtu asidhani kwamba hatari hii ni ya vibanda vya maskini pekee. Mnamo mwaka wa 2000, katika mji wa Watsonville, jimbo la California nchini Marekani, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipatwa na majipu miguuni, na baadhi yao wakaugua kwa miezi. Wachunguzi walipoyafungua mabeseni ya kuoshea miguu, walikuta nyuma ya vichujio nywele na mabaki ya ngozi yaliyojaa bakteria. Wateja walionyoa miguu kabla ya kwenda huko ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa wembe ulikuwa umekwisha kuichubua ngozi. Hapakukosekana maji wala fedha za kununulia dawa. Kilichokosekana ni mtu wa kusafisha mahali ambapo jicho la mteja halifiki.

Je, fundi afanye nini? Kwanza, kifaa cha chuma kisuguliwe kwa brashi, sabuni na maji, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu. Mtu hapaki rangi ukuta wenye matope. Pili, viini viuawe. Njia iliyo karibu na kila mmoja wetu ni kukichemsha ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa dakika 20, zikihesabiwa tangu maji yalipoanza kutokota. Saluni yenye uwezo inunue mtungi wa mvuke wa shinikizo, kama ule utumikao hospitalini, ambao hufikia nyuzi 121 na kuua hata vile viini sugu visivyokufa kwa kuchemshwa. Tatu, kifaa kikaushwe na kuwekwa katika chombo safi chenye kifuniko. Ama tupa za karatasi na vijiti vya mbao, hivyo hunyonya unyevu na havisafishiki. Vitumike kwa mtu mmoja tu, kisha vitupwe au mwenyewe aende navyo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni masharti ya matajiri. Sikubaliani nao. Fundi mwenye seti mbili za vifaa aweza kuchemsha moja huku akiitumia nyingine. Gharama ya mkasi wa pili na makaa ya jiko hailingani hata kidogo na gharama ya kutibu ini lililoharibika. Na mteja anayedai ahudumiwe upesi kwa bei ya chini kabisa akumbuke kuwa naye huchangia uzembe huo.

Hapa ndipo walimu wanapohusika. Katika vyuo vyetu vya ufundi, mwanafunzi wa urembo asipewe cheti kwa sababu ya umahiri wa kuchora maua juu ya ukucha ikiwa hajui kuosha mkasi. Usafi uwe mtihani wa kwanza, na atakayeushindwa asiruhusiwe kugusa kidole cha mtu. Katika shule za sekondari, mwalimu wa sayansi ana somo lililo tayari. Awaulize wanafunzi ni kwa nini spiriti ya asilimia 70 huua viini vizuri kuliko ile isiyo na maji hata chembe. Watagundua kwamba maji huisaidia kupenya ndani ya kiini na kuichelewesha isikauke mapema. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hatadanganyika na harufu kali ya dawa.

Serikali za kaunti nazo, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi huduma nyingi za afya, ziwatume maafisa wa afya ya umma kwenda kuwafunza mafundi hawa, badala ya kuwatembelea kudai leseni tu. Fundi anayefukuzwa huhamia kichochoro kingine na mkasi wake ule ule.

Nanyi wanafunzi, mkiketi mbele ya fundi, ulizeni kwa adabu vifaa vimesafishwa vipi. Fundi mwema hataudhika. Atafurahi kuonyesha sufuria yake. Asiyekuwa na jibu, mwachieni kiti chake.