Kungoja si Kazi, Kazi ni Kutojua

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika zama hizi za simu nathubutu kusema kuwa kungoja nako si kazi. Kazi ni kutojua unangoja nini, na utangoja mpaka lini. Jumapili hii tuzungumze juu ya kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu pindi unapoagiza jambo. Kiduara hicho kimekwisha kuingia katika mambo mazito ya nyumba zetu: ada za watoto, dawa za wazee na posho ya mwezi.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi aishiye Mbagala, Dar es Salaam, ambaye mama yake yuko Mbekenyera, katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Palizi ya ufuta imewadia, na mama anahitaji shilingi 50,000 za kuwalipa vibarua. Mwana anafungua programu ya simu, anaandika kiasi, anaingiza namba ya siri. Kiduara kinaanza kuzunguka. Zinapita sekunde kumi, ishirini, thelathini. Kisha kinatoweka bila kusema neno. Mama, aliyesimama kwenye kibanda cha wakala, anapiga simu: "Mwanangu, huku bado hapajaingia kitu, na vibarua wananitazama." Mwana, kwa kuchelea kuonekana mwongo mbele ya mzazi wake, anatuma mara ya pili. Baada ya dakika chache jumbe mbili zinaingia kwa mpigo. Shilingi 100,000 zimekwenda Mbekenyera, makato yamelipwa mara mbili, na kodi ya chumba Mbagala haijulikani itatoka wapi.

Je, kosa ni la nani? Wengi wetu ni wepesi wa kusema kwamba kijana huyo hana subira. Lakini tukumbuke kwamba kabla ya huduma za pesa kwa simu kuanza nchini mwetu mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, watu walituma fedha kwa hawala ya posta au kwa mkono wa mtu aliyekuwa akisafiri. Fedha zilichukua siku nyingi, na hakuna aliyetuma mara ya pili. Stakabadhi ilikuwa mfukoni, na kila mtu alijua kwamba safari ni ndefu. Subira ilikuwa rahisi kwa sababu mambo yalikuwa yakieleweka.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza kwa muda mrefu. Mwaka 1985 David Maister aliandika juu ya watu wanaopanga foleni, akaeleza kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kunakojulikana, na kwamba kungoja bila kuelezwa sababu huchosha zaidi. Mwaka huohuo Brad Myers alionyesha kwamba watumiaji wa kompyuta hupendelea kuonyeshwa mstari unaojaa kadiri kazi inavyoendelea. Naye Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alitaja mipaka mitatu: jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona limekuja papo hapo, likifika sekunde moja, mawazo yake bado hayajakatika, likipita sekunde kumi, akili huhama, na hapo hapana budi aelezwe kazi imefikia wapi.

Kutokana na elimu hiyo, waundaji wa programu wamejifunza kuufanya muda uonekane mfupi. Programu ya Instagram, kwa mfano, ilibuniwa ianze kupeleka picha wakati mwenyewe angali anaandika maneno ya kuisindikiza. Akimaliza kuandika, sehemu kubwa ya safari imekwisha. Huo ni werevu usio na madhara. Lakini upo pia werevu wa kiini macho. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waligundua kwamba mstari wa maendeleo ukichorwa michirizi inayotembea kinyumenyume, watazamaji huona muda umepungua kwa kiasi cha asilimia 11, ingawa saa ya ukutani haikubadilika hata kidogo.

Kwa picha ya harusi, kiini macho hakimwumizi mtu. Kwa fedha ya palizi ni jambo jingine. Tuelewe kinachotendeka nyuma ya kiduara. Agizo lako linatoka kwenye simu, linapita mnarani, linafika kwenye mitambo ya kampuni. Huko namba ya siri inahakikiwa, salio linatazamwa, fedha zinaondolewa kwako na kuandikwa kwa mwenzako. Ndipo habari inapoanza safari ya kurudi. Basi fedha ni jambo moja, na habari ya fedha ni jambo la pili. Mawasiliano yakikatika katikati, yawezekana fedha zimekwisha kufika na habari peke yake ndiyo iliyokwama njiani. Kiduara hakiyajui hayo. Chenyewe huzunguka vilevile, agizo liwe limefika ama limepotea.

Mfano wa kuigwa tunao mikononi mwetu. Katika WhatsApp, alama ya saa humaanisha ujumbe haujaondoka. Tiki moja, umeondoka kwako. Tiki mbili, umefika kwenye simu ya mwenzako. Hata bibi asiyejua kusoma huzielewa alama hizo, wala hautumi ujumbe wake mara ya pili kwa wasiwasi. Ikiwa salamu zinapewa heshima hiyo, kwa nini jasho la mfanyakazi linyimwe?

Kwa hiyo nawaomba vijana wetu wanaosomea na kuunda programu watafakari. Andikeni kwa Kiswahili chepesi: "Agizo limepokelewa", "Fedha zimetoka kwako", "Fedha zimefika". Na pale mtambo usipojua, useme haujui: "Hatujapata jibu; usitume tena kabla ya kutazama salio." Zaidi ya hayo, mtambo wenyewe ukiona agizo la kiasi kilekile kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache, na uulize kwanza kabla ya kutekeleza. Mnapofanya majaribio, msiishie kwenye ofisi zenye mtandao wa kasi; mjaribu na mahali ambapo mtandao huja na kuondoka.

Nasi katika familia tuna wajibu wetu. Kiduara kikitoweka bila jibu, tazama salio kwanza, kisha tazama orodha ya miamala yako. Salio likiwa limepungua, fedha zimeondoka. Tunza namba ya muamala na uwaulize watoa huduma. Ikiwa halijapungua, vuta subira kidogo, ulitazame tena kabla ya kurudia. Na kabla ya kutuma, mweleze mzazi: "Mama, nikituma huenda ujumbe ukachelewa, ukichelewa nitakupigia mimi." Maneno hayo machache yatamwondolea mama fedheha mbele ya vibarua, na yatamwondolea mwana pupa ya kubonyeza tena.

Ndugu msomaji, maendeleo si kasi peke yake. Mtu anayengoja anastahili kuambiwa ukweli, na ukweli huo hauhitaji mtambo wa gharama kubwa. Huhitaji tu mwundaji wa programu amkumbuke mama aliyesimama kibandani Mbekenyera, simu mkononi, akingoja neno moja tu: zimefika, au bado.