Djugu: Diploma ya dola imepatikana, njia ya chuo kikuu nani ataionyesha?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa dola yanapotoka, Djugu inafanana na Congo yote. Vijana wanatuma kodi zao kwa ujumbe wa simu, asilimia zinarudi, na waliofaulu wanamwagiana poda nyeupe kichwani hadi nyusi zinapotea. Wazazi wenye kuku wanachinja. Kwa siku mbili tatu, kutoka Iga-Barrière mpaka Kpandroma, watu wanapata habari nyingine ya kuzungumza kuliko bunduki.

Halafu kimya. Vyuo vya Bunia vinapofungua mwaka wa masomo, wengi wa vijana hao hawamo madarasani. Wapo kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Mongbwalu, wapo juu ya pikipiki, wapo kambini wakingoja mgao wa unga. Na wengine, jambo ambalo kila mtu wilayani analijua ingawa husemwa kwa sauti ya chini, wamepokelewa na makundi yenye silaha.

Ukiuliza sababu, jibu ni la haraka: vita na umaskini. Yote mawili ni kweli. Lakini majibu hayo yamezoeleka mno hadi yanaficha jambo la tatu, ambalo liko ndani ya uwezo wa shule yenyewe. Hakuna anayemwandaa mwanafunzi wa Djugu kwa hatua inayofuata baada ya mtihani. Nguvu zote za mzazi, za mwalimu na za serikali zinaishia siku ya mwisho ya Exetat.

Mtihani huo una historia ndefu, ulianza mwaka 1967, na heshima yake katika familia za Kongomani ni kubwa kuliko ya cheti kingine chochote. Mwanafunzi anaandika insha ya Kifaransa kwanza, kisha anakaa siku nne za maswali ya maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsio yake. Akipata asilimia 50 amefaulu. Kwa ajili ya siku hizo wazazi wanachanga, walimu wanafundisha hata jioni, na pale usalama unapoharibika vituo vya mtihani vinahamishwa ili watoto wasipoteze mwaka. Hiyo ni kazi nzuri na haifai kudharauliwa. Tatizo ni kwamba prefe wa shule anahesabiwa kwa idadi ya waliofaulu. Waliofika chuo kikuu hakuna anayewahesabu.

Tuseme kijana wa Fataki amepata asilimia 62. Bunia kuna Chuo Kikuu cha Bunia, kuna taasisi ya ualimu ISP, kuna Chuo Kikuu cha Shalom cha makanisa ya Kiprotestanti, na vingine. Anataka kujiandikisha. Anaambiwa alete dosie: uthibitisho wa kufaulu, kwa kuwa diploma yenyewe huchelewa sana kufika kutoka Kinshasa, buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mzuri, picha, na ada ya fomu. Kwa mtoto wa mjini hiyo ni kazi ya wiki moja. Kwa mtoto wa Djugu kila karatasi ina hadithi yake.

Buletini ziliungua pamoja na nyumba, au pamoja na ofisi ya shule. Tangu mauaji yaliporudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, shule nyingi zimechomwa, zimeporwa au zimegeuzwa makazi ya wakimbizi na ya watu wenye silaha. Kuna wanafunzi waliosoma darasa la tano katika kijiji kimoja na la sita katika kambi ya mbali, chini ya prefe mwingine, ambaye hana rejista ya mwaka uliotangulia. Hata kambini hakukuwa salama: Februari 2022 wanamgambo wa CODECO waliingia kambi ya Plaine Savo usiku na kuua watu wapatao 60. Familia iliyokimbia hivyo mara mbili haiwezi kuulizwa buletini ziko wapi.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina shida yake. Sheria ya Congo inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na hiyo ina safari, ina gharama, ina kungoja. Watoto wengi wa vijijini hawakuandikishwa. Wanagundua kwamba karatasi hiyo ina maana wakiwa na miaka 19, mbele ya dirisha la uandikishaji, wiki moja kabla halijafungwa.

Hapo ndipo shule ingeweza kuingia bila kungoja amani wala mfadhili. Mambo haya yote yanajulikana mapema. Dosie ya chuo kikuu haibadiliki kila mwaka. Prefe akianza nayo mwezi wa kwanza, akitenga saa moja kwa wiki kwa darasa la mwisho, kila mwanafunzi angejua anakosa nini, na ambaye hana cheti cha kuzaliwa angekuwa na miezi minane ya kukitafuta badala ya siku nane. Nakala za buletini zingewekwa parokiani, kwa mwakilishi wa wazazi, na kupigwa picha kwenye simu ya mwalimu anayeaminika. Gharama yake ni fotokopi.

Kuhusu opsio hali ni mbaya zaidi, maana huko kosa linafanyika mtoto akiwa mdogo. Mwishoni mwa mwaka wa nane wa elimu ya msingi kuna mtihani wa taifa, TENASOSP, ambao jina lake lenyewe linazungumzia uchaguzi na mwelekeo. Ni wazo zuri kwenye karatasi. Lakini mwelekeo gani unachaguliwa mahali ambapo shule iliyobaki wazi ina opsio moja? Shule nyingi za vijijini hufundisha pedagojia kwa sababu haihitaji maabara. Mtoto anayeota kuwa daktari anasoma pedagojia miaka minne, anafaulu vizuri, anaingia kitivo cha tiba na kukutana na kemia ambayo wenzake wameifanya tangu darasa la tatu. Akishindwa mwaka wa kwanza, kijijini watasema chuo kikuu si cha watu wa huku.

Hakuna aliyemwambia. Pengine hata mwalimu wake hajui, naye hana lawama, kwani shule nyingi za vijijini hazina mshauri wa masomo, na mwalimu mwenyewe mara nyingi anaishi kwa michango ya wazazi. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilihusu shule ya msingi. Sekondari inaendelea kubebwa na mzazi.

Na hapo linakuja suala la pesa, ambalo wengi huliweka mbele ili kufunga mazungumzo. Ni kweli, ada ya chuo, chumba Bunia, chakula na nauli vinaweza kumshinda mkulima aliyepoteza ng'ombe wake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya pesa inayojulikana mwaka mmoja kabla na pesa inayotajwa kwa mara ya kwanza Oktoba. Ya kwanza familia inaweza kuipangia: shamba la maharage, mchango wa wajomba, makubaliano na ndugu aliyeko Bunia ili mtoto apate pa kulala. Ya pili inakuta mavuno yameshauzwa. Wazazi wangapi wa Djugu wameambiwa na shule, kwa tarakimu, mwaka wa kwanza wa chuo unahitaji nini? Mikutano ya wazazi huzungumzia ada ya mtihani tu.

Vyuo navyo visikae mjini vikingoja. Barabara ya taifa nambari 27, inayotoka Bunia kwenda Mahagi, ina vizuizi vingi na vingine vinalipisha. Kijana anayekwenda Bunia kuchukua fomu, kurudi nyumbani kutafuta karatasi, kisha kwenda tena kuirudisha, anahatarisha maisha mara nne kwa ajili ya karatasi moja. Kama wakaguzi wa shule wanaweza kupeleka maswali ya mtihani hadi vituo vya Djugu, chuo kinaweza kutuma karani mmoja na muhuri, siku tatu, pale ambapo jeshi linaruhusu. Au kikubali dosie isiyokamilika kwa waliohamishwa na vita na kuwapa mwaka mzima wa kuikamilisha.

Wapo watakaouliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia chuo kikuu. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na watu bado wanazikwa. Swali hilo linaeleweka, lakini linasahau nani anabeba bunduki hizo. Anayebeba ni kijana aliyemaliza shule au aliyeiacha, asiye na kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Na wilaya hii itahitaji wauguzi, wahandisi na mahakimu watakaokubali kukaa Drodro au Kobu. Wageni hawatamiminika kuja.

Vyama vya wanafunzi wa Djugu walioko Bunia vinaweza kusaidia zaidi ya wote. Wanajua dirisha lipi linafungwa lini na chumba kipi kina kodi nafuu. Baadhi yao tayari huwapokea wadogo zao. Kasoro ni kwamba msaada huo mara nyingi hufuata kabila: Wahema kwa Wahema, Walendu kwa Walendu, ingawa wengi wao huongea Kilendu kilekile na wanakaa kwenye benchi moja ukumbini. Wakienda likizo, waende shuleni, wazungumze na darasa lote.

Kundi moja husahauliwa kabisa hata na wenye nia njema. Ni watoto waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018 na kusoma Uganda, kambi ya Kyangwali na kwingineko, kwa Kiingereza, katika mfumo wenye mitihani tofauti. Sasa baadhi wanarudi, na vyeti vyao vinahitaji kulinganishwa na vya Congo kabla ya chuo kuvipokea. Utaratibu huo unapitia Kinshasa, karibu kilomita 1,800 kutoka Bunia kwa ndege. Ofisi ya elimu ya jimbo ndiyo yenye anwani na muhuri wa kuwaombea kwa pamoja, kwa orodha moja, na wazazi wao wana haki ya kuiuliza orodha hiyo itaanza lini.