MASTAA, "UMRI NI NAMBA TU" INATUPONZA!

Wadau, hii tabia imezidi. Staa ana miaka 46, anaposti mapacha, anaandika "Mungu hachelewi, umri ni namba tu". Hongera sana, mtoto ni baraka. Ila dada, mayai yanaijua hiyo namba!

Upandikizaji mimba upo tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza mwaka 1978, lakini haujafuta umri. Ukivuka 40, mayai yako mwenyewe hushika kwa shida hata maabara. Wengi wanaofanikiwa baada ya 45 hutumia mayai ya mwanamke kijana aliyechangia. Mbona hilo kwenye posti halimo?

Sasa mfikirie dada wa Litapunga, Katavi. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta mkoani humo wasichana 45 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Yeye ana 35, hana mtoto, mtaa mzima unamwita mgumba. Na mumewe hajapimwa! Badala ya wote wawili kuwahi hospitali, anasubiri muujiza wa staa.

Siri ya uzazi ni yako, hatukudai. Ila siri usiigeuze ushuhuda. Sema yote au kaa kimya. Au nadanganya, wadau?