Roboti kwa watoto wa vigogo, chaki kwa watoto wa Ufipa

WASHIKAJI wa vijiweni Dar es Salaam wakisikia Sumbawanga, kinachofuata ni mzaha wa uchawi. Wanasahau kwamba jina lenyewe hufasiriwa "tupa uchawi".

Mzaha tuuweke kando. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma kabla mkoloni hajafika. Tanuri zao za udongo, malungu, zilifikia kimo cha mita tatu hivi na zilivuta hewa zenyewe, bila mtu kushika mivukuto. Chuma kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, ndipo mivukuto ikafanya kazi, kisha likafuliwa jembe. Hiyo si ramli, ni fizikia na kemia! Majembe ya kiwandani yakaja kutoka ng'ambo, na katika karne ya 20 kazi hiyo ikafa.

Sasa tuulizane: mjukuu wa mafundi hao anafundishwaje sayansi? Mara nyingi anachorewa mota ubaoni. Anainakili, anaikariri, anaifanyia mtihani. Kuishika, hajaishika.

Wakati huo huo baadhi ya shule za kulipia mijini zinawapa watoto roboti za kuunganisha: vipande, mota, vihisi na kompyuta ndogo ya kupokea amri. Mtoto anaambiwa roboti itembee sentimita 110, isimame. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 7. Anazidisha kwa 22/7, anapata mzingo wa 22, basi lizunguke mara tano. Anaandika amri. Roboti inapitiliza, inagonga ukuta! Hachapwi kiboko. Anapima upya, anatafuta kosa, anarekebisha, anajaribu tena. Uhandisi ndio huo, na mafundi wa malungu wangeutambua.

Wakubwa watasema ni ghali. Kweli, seti ya LEGO Mindstorms ya mwaka 2020 iliuzwa Marekani kwa dola 360, na mwishoni mwa 2022 kampuni ikaachana na Mindstorms. Lakini nani kasema lazima tununue hiyo? Mwaka 2016 watoto wa Uingereza wa miaka 11 na 12 waligawiwa bure micro:bit, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, zikiwa kama milioni moja. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya seti ile. Fremu na magurudumu tutengeneze wenyewe kwa mbao na vyuma chakavu.

Tena fedha zikitakiwa, hupatikana. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na mwaka 2014 ukawekwa kuwa mwisho, wananchi walichangishwa nchi nzima. Mlalahoi alitoa. Lakini kuta hazifundishi, vifaa ndivyo vinavyofundisha. Mwaka 2024 ukaja mtaala mpya na mkondo wa amali. Maneno matamu! Amali bila kifaa ni ngonjera.

Tunachodai si anasa. Kila kata ipate seti chache zinazozunguka shule hadi shule, zenye betri, maana umeme wetu unajulikana. Walimu wafunzwe kwanza, vifaa vifuate, visije vikafungiwa kabatini kusubiri mgeni rasmi. Somo litolewe kwa Kiswahili, mtoto apambane na mota, asipambane na Kiingereza. Na fundi simu wa mjini Sumbawanga, anayefufua simu iliyokufa kwa bisibisi na waya wa kuchomea risasi, aitwe darasani akalipwe posho. Huyo ni mwalimu tunayempita barabarani kila siku.

Vijana, diwani akija kuomba kura msihesabu kofia na fulana alizoleta. Mwulizeni swali moja tu: katika bajeti ya halmashauri, vifaa vya sayansi vimetengewa shilingi ngapi, na viko wapi? Akibabaika, mmeshapata jibu.