Historia ya Mlimani na wazee wa Lalago

 

Ndugu msomaji, kila mwaka vijana wetu hutoka katika vijiji vya pamba vya Simiyu kwenda vyuo vikuu. Mzazi ambaye mwanawe anasomea udaktari huitangaza habari hiyo hadi gulioni. Yule ambaye mwanawe anasoma historia huitaja kwa sauti ya chini, kama mtu atajaye deni. Leo tuitetee elimu hii, kisha tuidai haki yake kwetu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Mwaka 1963 akaja Terence Ranger kuongoza ufundishaji wa historia, na baada yake wakang'ara kina Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na Walter Rodney. Kabla yao, historia iliyofundishwa shuleni ilikuwa ya magavana na wapelelezi wa Kizungu. Wao walishikilia kuwa Mwafrika ndiye mwenye historia yake. Mwaka 1968 chuo kiliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907. Waliokaa kitako mbele ya wazee na kuwasikiliza ndio waliowapa wahadhiri cha kusema ukumbini.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa familia moja ya Kiislamu. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, akawa askari katika jeshi la Wajerumani, na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929 na Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika kumbukumbu za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam, alizitumia kumbukumbu hizo kuandika maisha ya babu yake, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1973 katika kitabu alichokihariri Iliffe. Miaka 25 baadaye, mwaka 1998, Mohamed Said akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist na mmoja wa waasisi wa TANU.

Tuzingatie mnyororo huo: babu aliandika, familia ikahifadhi, binti wa nyumba akasoma, chuo kikachapisha. Pete moja ingekatika, tungebaki na manung'uniko tu. Kwa miaka mingi Waislamu tumelalamika kuwa mchango wetu katika kudai uhuru umeachwa nje ya vitabu. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini mwenye kulalamika naye aulizwe: wewe umeandika nini? Sisi makatibu wa kamati za misikiti tuna madaftari ya michango, mifuko ya saruji na majina ya wasiomaliza ahadi zao. Je, ni misikiti mingapi ya huku kwetu yenye ukurasa mmoja unaosema nani alitoa kiwanja, nani alisomesha watoto wa mwanzo juzuu Amma, na nani aliosha maiti wakati Waislamu wa kijiji walipokuwa nyumba chache?

Kazi hii haipaswi kuwa ngeni kwetu. Wanachuoni wa hadithi walikuwa wakiuliza: umeisikia kwa nani, naye kwa nani, na je, walikutana? Mwanahistoria anayekusanya masimulizi ya mdomo huuliza maswali yale yale. Qur'an imetuamrisha kuzihakiki habari kabla ya kuzifanyia kazi (Al-Hujuraat: 6). Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyesomesha pia al-Azhar, aliwalaumu wanahistoria walionukuu hesabu za majeshi makubwa kupita kiasi bila kuzipima kwa akili. Kijana aliyepita madrasa na kuijua isnadi ameshaonja nusu ya somo kabla hajafika chuoni.

Wapo wazazi wanaohofia upande wa utamaduni. Husema mtoto atakwenda kusomeshwa ngoma. Ni kweli, ngoma husomwa. Ranger alitoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, akaonesha jinsi watu walivyojipanga na kushindana chini ya ukoloni. Huku Usukumani wapo Bagika na Bagalu, na mashindano yao yana mengi ya kusema juu ya kilimo, uongozi na ujirani. Kusoma ngoma si kuicheza. Muislamu aliyesoma ataweza kupambanua lile ambalo dini imelikataza na lile ambalo ni desturi njema ya wazee wake, badala ya kuyatupa yote au kuyabeba yote.

Tena tuandike kwa uadilifu. Uislamu uliingia bara kwa njia za misafara ya Tabora, na Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu hadi pwani. Katika njia hizo hizo walipitishwa binadamu waliouzwa, na baadhi ya wauzaji walikuwa na majina kama yetu. Tusilifiche hilo. Tumeamrishwa kusimamia haki ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu (An-Nisaa: 135). Historia inayotaja fadhila zetu peke yake haitaaminiwa hata na watoto wetu.

Basi kijana aliye likizo afanye haya. Aketi na mzee baada ya Alasiri, amwombe idhini, amrekodi kwa simu. Kama mzee anazungumza Kisukuma, amwache azungumze Kisukuma. Tafsiri itakuja baadaye. Aandike tarehe, mahali, na mzee aliyasikia kwa nani. Asiwasahau kina bibi: bibi aliyesilimu akiwa mwali anakumbuka alichokiacha, alichobaki nacho na walivyompokea wakwe zake, mambo ambayo hakuna kadhi aliyeyaandika. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iwekwe msikitini, maana mchwa hawabagui daftari.

Navyo vyuo vina deni. Tangu 2008 Kigoda cha Mwalimu Nyerere, ambacho mshika kigoda wake wa kwanza alikuwa Profesa Issa Shivji, kimewaalika wananchi kusikiliza mihadhara Mlimani. Hilo ni jambo jema, lakini Mlimani ni mbali na Lalago. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, tunachokitazama kama chetu, nacho kingeweza kuwatuma wahadhiri wake mikoani msimu wa pamba ukiisha, wazungumze kwa Kiswahili, kisha wakae wasikilize. Misikiti yetu imezoea darsa. Haitashindwa kumpokea mwalimu wa historia.

Wazee wetu wanaondoka, na kila tunayemzika huenda na majina ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Kalamu na daftari havigharimu zaidi ya sanda. Tuvinunue mapema.