MVUA HAINGOJI LIKIZO

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wetu tuna nyumba mbili. Moja ni chumba cha kupanga karibu na kazi, na ya pili ndiyo nyumbani hasa: Malava, Shinyalu, Butere, Mumias au Lugari, pale walipo mama watoto, wazee, ng'ombe mmoja au wawili, mbuzi, kuku na mbwa wa kulinda. Mshahara twaupata relini, lakini akiba yetu imefungwa kwa kamba nyuma ya jiko. Karo ikidaiwa, ni ndama anayeuzwa. Mgonjwa akilazwa, ni mbuzi anayekwenda sokoni.

Kwa sababu hiyo twataka kusema neno juu ya siku ya kuhama ghafla, siku ambayo maji au udongo huja usiku na mwenye nyumba yuko zamu, mbali na kwake. Kila mtu husema, "Okoa roho kwanza." Ni kweli. Lakini sisi twaongeza: nyumba isiyojua ng'ombe wake atakwenda wapi, haitoki kwa wakati.

Wako wenzetu wanaosema kwamba mafuriko ni habari ya Budalangi, sisi wa Kakamega tuko juu. Ndugu, tukumbuke Khuvasali, huko Malava. Mwezi wa Agosti 2007 mlima uliporomoka baada ya mvua nyingi ukafunika watu. Majirani wakakimbilia kufukua, na walipokuwa wamekusanyika pale, udongo ukaporomoka mara ya pili juu yao. Haikuwa Budalangi, ilikuwa kwetu. Na huo mto Nzoia unaoisumbua Budalangi hauanzii huko. Hutoka milima ya Cherang'any na Elgon, hupita Webuye na Mumias, ndipo ufike ziwani. Mvua ikinyesha Cherang'any, mtu wa bondeni aweza kuona mto umefura na kwake hakuna hata wingu.

Tena sisi watu wa reli tuna sababu yetu wenyewe ya kulifikiri jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, watu zaidi ya 40 walikufa. Wizara ya Maji ilieleza kwamba kalvati iliyo chini ya tuta la reli iliziba kwa mawe, miti na matope. Maji yakajaa nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yakalivunja na kushuka juu ya watu waliolala. Kila mtu wa gengi ajua kalvati ni nini. Ni tundu dogo ambalo abiria halioni, lakini likiziba, tuta huwa ukuta wa bwawa.

Sasa turudi kwenye hoja yetu. Husemwa kwamba anayekufa kwa kumrudia ng'ombe ni mjinga. Hatukubali. Mama aliyebakiwa na ng'ombe mmoja wa gredi, anayeuza maziwa kila asubuhi, hamrudii mnyama, airudia karo ya watoto wake. Anayemwambia, "Acha yote ukimbie," bila kumwonyesha pa kumweka yule ng'ombe, hajamshauri kitu. Atasikia, ataitikia, kisha atangoja. Atangoja mvua ipungue, atangoja kijana arudi amsaidie, na kungoja huko ndiko kunakoua. Basi anayetaka watu watoke mapema, aanze na zizi.

Kazini sisi hatungoji gari moshi litokee ndipo tuulizane bendera nyekundu iko kwa nani. Kila mtu ajua mahali pake kabla. Nyumbani yafaa iwe vivyo hivyo. Haya ndiyo tunayoyashauri, nayo yafanywe Januari na Februari wakati wa jua, kabla ya mvua ndefu za Machi.

Kwanza, mahali. Chagueni boma la ndugu au rafiki aliye mahali palipoinuka, si chini ya mteremko mkali, wala si ng'ambo ya kijito kitakachofurika. Mwombeni mapema, mkubaliane na juu ya majani na maji. Nanyi mpokeeni wake siku yake ikifika. Njia ya kwenda huko muipite kwa miguu pamoja na watoto, mara moja mchana na mara moja jioni.

Pili, kamba. Ng'ombe wa gredi aliyezaliwa na kukua ndani ya banda hajui kutembea njiani, na usiku wa radi hatajifunza. Azoeshwe kuvaa kamba ya kichwani na kuongozwa, hata kama ni kuzunguka shamba tu. Na wale wenye fahali wa mchezo, kama ilivyo desturi huko Isukha na Idakho, wajue kwamba fahali hatamfuata mtoto. Awepo mtu mzima mwingine anayejulikana na yule fahali, kama mwenyewe yuko kazini.

Tatu, wadogo. Kuku wakamatwe wakiwa wamelala, watiwe katika tenga lenye kifuniko, na tenga hilo lisigeuzwe kuwa kabati la vyombo. Mbwa aongozwe kwa kamba. Paka atiwe katika gunia jepesi lipitishalo hewa.

Nne, chanjo. Mvua kubwa huleta na magonjwa. Mwaka 2006 na 2007, baada ya mvua nyingi, homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu zaidi ya 150 katika Kenya. Maji yaweza pia kufukua kimeta kilichokaa udongoni miaka mingi. Chanjo huchomwa kabla. Muulizeni afisa wa mifugo ni zipi zinazotakiwa kwenu, na mweke karatasi zake. Mnyama akifa ghafla wakati wa mafuriko, asichunwe wala asiliwe, hata kama njaa inauma.

Tano, mfuko mmoja. Ndani ya plastiki isiyopitisha maji wekeni vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba, vyeti vya shule, kadi za kliniki na karatasi za chanjo za mifugo. Ongezeni tochi, dawa za mzee anayemeza kila siku, fedha kidogo, unga na chumvi. Andikeni namba za simu kwenye karatasi, kwa maana simu huzima. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, nayo hailipiwi. Mfuko huu utundikwe mahali pamoja, na hata mtoto wa darasa la pili apajue.

Sita, na hili ndilo kubwa: alama ya kuondoka. Mkubaliane mtaondoka mkiona nini. Iwe jiwe fulani la mtoni limefunikwa, au ufa umeonekana katika mteremko, au maji ya chemchemi yamegeuka matope, au chifu ametangaza. Alama ikionekana, mifugo itangulie mchana, watu wafuate, na mtu asingoje kumpigia baba simu kuomba ruhusa. Baba awe ameitoa ruhusa hiyo Januari. Na kama imechelewa kabisa, na hakuna wakati wa kuongoza mnyama, kata kamba, fungua mlango wa zizi, ukimbie. Mnyama aliye huru aweza kujitafutia mwinuko. Aliyefungwa huzama pale pale. Ukishatoka, usirudi mpaka wenye kujua waseme pamekuwa salama. Khuvasali ilitufundisha kwamba mlima hauporomoki mara moja tu.

Hayo ni ya nyumbani. Lakini nyumba peke yake haitoshi, ndiyo maana twaandika katika karatasi ya chama.

Twataka chama kiulizie kalvati. Kila mlango wa maji chini ya reli ukaguliwe na kufagiliwa kabla ya Machi, na gengi ziwe na watu na vyombo vya kutosha kuifanya kazi hiyo. Mtu wa gengi akiripoti kwamba tundu limeziba, ripoti yake iandikwe, na anayeipokea atie sahihi. Wanaoishi chini ya tuta wana haki ya kulala usingizi.

Twataka pia siku za maafa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi siku 21 za likizo kwa mwaka, na likizo ya ugonjwa na ya uzazi. Haikutenga siku ya mtu ambaye nyumba yake imo majini. Jambo hilo laweza kuingizwa katika mapatano kati ya chama na mwajiri. Hatuombi kupumzika. Twaomba mtu aruhusiwe kwenda kuvusha watoto na mifugo yake bila kuhofia kukatwa mshahara, au kukuta kazi imepewa mwingine.

Mwisho, twaomba kila mwanachama alipeleke jambo hili katika baraza la chifu kwao. Shule hutolewa iwe kimbilio la watu, na ni vizuri. Lakini kama ng'ombe hana kiwanja karibu na shule hiyo, wengi watabaki mtoni pamoja naye. Kiwanja kitajwe mapema, pamoja na bomba la maji na mtu wa kulinda.

Ndugu, mwenzenu wa zamu akiwauliza Machi, "Je, kwako mko tayari?", jibu lisiwe, "Mungu yupo." Mungu yupo, naye Nuhu hakungoja mvua ianze ndipo atafute mbao.

Ni sisi,
Wafanya kazi wa reli, Kakamega