UCHAMBUZI: Sikukuu za kitaifa zirejeshwe mitaani Mombasa

KILA Desemba 12 inapowadia, sherehe rasmi ya Mombasa hufuata utaratibu ule ule. Kamishna wa kaunti husoma hotuba ya Rais, askari hupiga gwaride, vikundi vya ngoma hutumbuiza, na kabla ya adhuhuri mahema hukunjwa. Waheshimiwa hukaa kivulini. Mwananchi wa kawaida huchomwa na jua la kaskazi.

Sherehe yenyewe huanza baada ya hapo, nyumbani. Jamhuri Dei huangukia wakati shule zimefungwa, tofauti na Madaraka Dei ya Juni 1 ambayo huja na upepo wa kusi na manyunyu. Pilau hupikwa, jamaa hutembeleana, na jioni familia nzima huelekea Mama Ngina kula mihogo ya pilipili na ndimu na kunywa madafu, watoto wakitazama meli zinazoingia Kilindini.

Ajabu ni kwamba gwaride si jambo geni kwa Waswahili wa mji huu. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi na gwaride za wanajeshi, ilichipuka Mombasa miaka ya 1890. Vyama viwili hasimu, Kingi na Sikochi, vilishindana kwa mavazi, vyeo na karamu, na mtindo huo ukaenea hadi Tanganyika. Hakuna serikali iliyowaamuru. Mitaa ilijigharimia, ikajipanga na ikajitazama yenyewe.

Siku za kitaifa, kinyume chake, zililetwa kutoka juu, na Pwani zilikuja na utata wake. Ikumbukwe kwamba ukanda wa maili kumi ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, na mjadala wa Mwambao uliwagawanya wakazi miaka ya mwanzo ya 1960. Mnamo Oktoba 8, 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na mwenzake wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliafikiana kuhusu kuunganishwa kwa ukanda huo na Kenya. Miongoni mwa ahadi zilizotolewa ni kudumishwa kwa mahakama za Kadhi na kuheshimiwa kwa hati za umiliki wa ardhi.

Miezi miwili baadaye bendera mpya ikapandishwa. Wapo walioshangilia, na wapo waliotazama kwa mashaka. Kumtaka Mpwani asherehekee bila kuzungumzia historia hiyo, na dhuluma za ardhi zilizofuata, ni kumtaka apige makofi tu.

Ni kweli kuwa kuzihamisha sherehe kuu kutoka Nairobi, kulikoanza 2016, kumekuwa na manufaa. Mashujaa Dei ya 2019 iliandaliwa Mama Ngina baada ya bustani hiyo kukarabatiwa, na wakazi wanaifaidi hadi leo. Kwale nayo ilipata zamu yake 2024. Lakini zamu huja mara moja, kisha msafara huondoka.

Kinachobaki ni mtaa, na hapa ndipo Buxton inapotupa funzo. Nyumba za zamani za mtaa huo, zilizojengwa enzi ya ukoloni, zilibomolewa mwanzoni mwa muongo huu kupisha mradi wa Buxton Point. Kuhusu uchakavu wake hapakuwa na ubishi. Mabishano yalihusu hatima ya wapangaji. Katika mabishano hayo ni wachache waliouliza yatakuwaje mambo ya ujirani: nafasi ya wazi mlangoni, sufuria moja kwa majirani kadhaa, watoto kucheza hadi magharibi. (Mpishi wa pilau ya mtaa hatafutwi kwa zabuni, hujulikana.)

Kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010 kinataja Madaraka, Mashujaa na Jamhuri kuwa siku za kitaifa. Hakisemi popote kwamba lazima kuwe na jukwaa na zulia jekundu. Serikali ya kaunti inaweza kutenga sehemu ya bajeti ya sherehe kwa ajili ya mitaa, ikafunga barabara moja au mbili alasiri, na ikawaalika wazee kuwasimulia vijana yaliyojiri 1963, pamoja na yale machungu.

Fauka ya hayo, kila mradi mpya wa nyumba kisiwani uwe na uwanja ambao hautageuzwa maegesho ya magari. Kwa sasa, suala la iwapo sufuria ya karamu itaruhusiwa chini ya ghorofa limeachiwa wasimamizi wa majengo.